Njia ya Punje za Njano

Siku ya kufungua mahindi haikuwa siku ya mchezo katika nyumba ile. Mama aliwafukuza kuku bandani, akazima redio, akawakagua wanawe wawili mikono kama watoto wa chekechea, ingawa mmoja alikuwa na ndevu na mwingine alikuwa na mchumba. Ndipo kazi ikaanza.

Yalikuwa mahindi ya mbegu, si ya kula. Watu walitoka mbali kuja kuchukua mbegu kwa Mama kwa sababu moja tu: hindi lake lilikuwa jeupe kutoka kitakoni hadi nchani, lilivumilia jua, na ukilipanda, watoto wake walikuja weupe vilevile mwaka baada ya mwaka. Ili asichanganye, alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja. Kila mstari wa shamba ulivunwa peke yake na kutundikwa kwenye waya wake, mahindi yakiwa bado na maganda, kwa mpangilio uleule yaliyosimama nao shambani. Waya wa kwanza ulikuwa mstari wa uzioni. Waya wa mwisho ulikuwa mstari unaoishia kwenye tangi la maji. Ukiingia bandani ilikuwa kama umeingia shambani, ila shamba lenyewe limening'inia.

Chiriku alianzia waya wa kwanza. Jina hilo alipewa na Mama utotoni kwa sababu ya mdomo usiopumzika, lakini siku ile alikuwa kimya, anatabasamu na maganda. Jioni Bwana Mifuko alikuwa anakuja. Si kuja kwa kuchungulia uzioni, la. Alikuwa anakuja mlangoni, na shati limepigwa pasi, kumwambia Mama kwamba anamtaka binti yake.

Bwana Mifuko alikuwa mtafiti katika kituo cha kilimo, ng'ambo ya barabara. Huko nyuma ya safu za miti kulikuwa na shamba la majaribio la yale mahindi ya maabara, yaliyobadilishwa vinasaba ili kiwavi akilitafuna bua afe mwenyewe bila mtu kupiga dawa. Wakati wa maua kazi yake ilikuwa kuuvisha kila mmea mfuko wa karatasi kichwani, ili chavua, ule unga wa maua, usipeperuke kwenda kwa majirani. Chiriku alipomwona mara ya kwanza, amesimama katikati ya mahindi yaliyovaa kofia, alicheka mpaka akachutama, na jina likapatikana hapohapo.

Mama hakucheka. Mama alisema mtu anayeingiza mkono katika tumbo la mbegu hawezi kuwa na haya. Ilichukua msimu mzima wa kubembelezwa hadi akakubali kumwona, na hata hapo alisema wazi, "Nimekubali kumwona. Sijasema nimemkubali."

Chiriku alivuta ganda jingine, na tabasamu likamkauka.

Katikati ya punje nyeupe zilikuwepo punje za njano. Chache tu, za njano ya kufifia, zimetawanyika. Eneo lile lote hakuna aliyelima mahindi ya njano. Hakuna, isipokuwa ng'ambo ya barabara.

Alilikata lile hindi na kulitumbukiza kwenye mfuko wa aproni kabla hajajua anafanya nini. Kisha, kutoka mwisho wa banda, ikaja sauti ya Mama.

"Mungu wangu! Nini hiki?"

Mama alikuwa kwenye waya wa tangi. Mikononi alishika hindi lililojaa njano karibu nusu nzima, na jingine kama hilo lilikuwa limefunguliwa mbele yake. Hakupiga kelele tena. Aligeuka polepole akamtazama mwanawe wa kiume.

"Wewe."

"Mimi nini, Mama?" kaka yake Chiriku aliuliza.

"Mstari huu nani aliupanda?"

"Niliupanda mimi. Kwa mbegu uliyonipa wewe kwa mkono wako."

"Na ukachanganya na ipi?"

Kaka mtu aliweka chini hindi alilokuwa nalo. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, lakini hiyo haikuwa dalili ya hatia. Ilitetemeka hivyo tangu msimu wa viwavi, alipobeba bomba la dawa mgongoni asubuhi na jioni mpaka akaanguka mistarini, povu mdomoni. Alipotoka hospitali alisema mbele ya wote kwamba mahindi yasiyohitaji dawa angeyapanda hata kesho, apende asiyependa. Maneno yale sasa yalikuwa yamerudi kumdai.

"Sikuchanganya," alisema.

"Ulisema mwenyewe utayapanda! Ulisimama pale jikoni ukasema!"

"Nilisema. Na bado nayataka, Mama, siwezi kukudanganya. Ila sijayapanda."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama alisema, na sauti ikamkatika. "Bibi yako alinikabidhi mbegu hii ikiwa safi. Nimeilinda na ukame, nimeilinda na panya, nimeilinda na wajanja. Sikujua nailinda na mwanangu wa kumzaa. Chukua nguo zako. Siwezi kulala chini ya paa moja na wewe."

"Mama!" Chiriku alisema.

"Wewe nyamaza. Endelea kufungua."

Kaka mtu alitoka kuelekea ndani.

Akaendelea kufungua. Waya wa pili, njano ilikuwepo, ila imesogea kidogo kulia. Waya wa tatu imesogea tena. Kila waya aliofungua palikuwa na kipande kimoja chenye madoa, huku na huku kweupe kabisa, na kipande hicho kilizidi kusogea kuelekea kule aliko Mama. Ilikuwa njia. Ilianzia kwenye tundu la uzio, ikakata mistari yote kwa mshazari, ikaishia kwenye tangi la maji.

Chiriku aliijua njia hiyo. Aliijua kwa miguu yake mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi moja ya msimu wa maua, mahindi yametoa ndevu laini zinazonata na kunasa chavua. Bwana Mifuko alipenya tunduni na koti lake la kazi la kijani, mabega yamejaa unga wa manjano, hata nyusi. "Umetoka kuoka mikate?" Chiriku alimtania. Bwana Mifuko akapiga chafya, akacheka, akasema ametoka kufunga mifuko, kwamba pale kituoni kila anayetoka shambani lazima avue koti na kuoga kwanza. "Nikasema nikioga, utakuwa umeondoka. Sikuweza kusubiri." Maneno matamu kama nini! Alimshika mkono, wakakatiza mistarini, yeye mbele, majani na ndevu zikimpangusa kifuani, hadi nyuma ya tangi ambako hakuna anayeona. Hapo walisimama sana. Hapo ndipo alipombusu kwa mara ya kwanza, na Chiriku akampangusa nyusi kwa kidole, akapuliza ule unga hewani.

Akapuliza hewani! Alitamani ardhi immeze.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ila hawakusema kama yanaweza kuota kwenye mahindi ya mama mkwe.

"Hodi humu ndani."

Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inasimama. Bwana Mifuko alikuwa mlangoni mwa banda, amewahi kabla ya jioni, uso umejaa woga mtamu wa mtu anayekuja kuomba. Chiriku alimpenda kwa nguvu dakika ile hadi kifua kikamuuma, na dakika ileile alitamani ageuke akimbie.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri, mtaalamu." Mama alimwekea lile hindi mkononi. "Mwanangu ananiambia hajui hili limetoka wapi. Wewe unajua mambo haya. Likague. Mimi naenda ndani kutazama debe la mbegu ya akiba kama nalo halijachezewa. Nikirudi nataka jibu."

Akawapita, nguo zake zikinukia maganda makavu. Wakabaki wawili.

Bwana Mifuko alilitazama hindi. Akainua macho akazitazama waya. Chiriku aliona macho yake yakiifuata ile njia, kutoka uzioni hadi kwenye tangi, na aliona wakati hasa alipoelewa, kwa sababu rangi ilimtoka usoni. Macho yao yakakutana.

"Ile asubuhi," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, ile asubuhi. Mama anamfukuza kaka. Yuko ndani anakunja nguo zake."

"Kaka yako hana kosa. Angechanganya mbegu, hindi lingekuja la njano lote. Hizi zimetawanyika. Maana yake mama wa hindi hili ni mweupe, baba ndiye mgeni."

"Basi mwambie hivyo!"

Bwana Mifuko aliligeuza hindi mkononi kama linaunguza.

"Mbona kimya? Akiingia utamwambia, sivyo?"

"Chiriku, nisikilize. Nikisema chavua ilitoka kwenye koti langu, siyo kufukuzwa kazi tu. Shamba la majaribio linafungwa. Miaka yote ile, kazi ya watu wengi, inazikwa kwa sababu ya mimi kutooga. Na wewe umemwona kaka yako akinywa chai. Umeona kikombe kinavyogonga meno. Nafanya kazi hii kwa ajili ya watu kama yeye."

"Kwa ajili yake? Na sasa anaondoka nyumbani kwa ajili yako!"

"Naomba unipe nafasi nifikiri. Tunaweza kusema..." Akasita.

"Tuseme nini? Malizia."

"Tuseme ni upepo."

Chiriku alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Upepo," alisema. "Upepo uliopita tunduni, ukakatiza kwa mshazari, ukaenda kujificha nyuma ya tangi? Upepo haukunishika mkono mimi. Nilishikwa na mtu."

"Nakupenda. Nikisema kweli, nitakukosa. Mama yako hataniona tena kama binadamu."

"Ni sumu?" Chiriku aliuliza ghafla. "Niambie hilo kwanza. Kama tungezila, zingetudhuru?"

"Kwa vipimo vyote tulivyofanya hadi sasa, si sumu. Lakini vipimo havijaisha, na mahindi hayajaruhusiwa kutoka. Ndiyo maana tuna mifuko, tuna miti, tuna bafu mlangoni. Ndiyo maana nilishauri mimi mwenyewe yapandwe ya njano, ili yakitoroka yaonekane."

"Basi yametoroka, na yameonekana." Machozi yalikuwa yamemjaa lakini aliyakataa. "Mchimba kisima kaingia mwenyewe. Ulijivunia sana ile rangi, unakumbuka? Ulisema rangi haisemi uongo. Kumbe ulitaka iseme kweli kwa makosa ya wengine tu."

Lile lilimpata. Alifumba macho. Chiriku alisubiri neno moja, neno lolote la mwanaume aliyempenda, na badala yake akasikia nyayo za Mama uani.

Mama aliingia amekumbatia debe dogo lililofungwa kwa nta. Nyuma yake alikuwa kaka mtu na begi begani, amekuja kumuaga dada yake.

"Akiba ipo salama," Mama alisema. "Mbegu ya kutosha mistari michache tu, lakini ipo. Haya, mtaalamu. Jibu."

Bwana Mifuko alifungua mdomo. Akaufunga tena, macho kwenye hindi.

Na Chiriku, ambaye siku nzima mdomo wake ulikuwa umekufa mbele ya Mama, alitoa lile hindi kwenye mfuko wa aproni, akaliweka mbele ya mama yake.

"Hili nimelificha tangu mwanzo. Ni la waya wa kwanza. Mama, usimtazame kaka. Tazama waya. Anzia kwenye uzio uifuate njano."

Mama aliweka debe chini. Alitembea waya hadi waya, akijiuma mdomo, kidole kikigusa hindi baada ya hindi, hadi akafika mwisho, pale pa njano nyingi.

"Hii ni njia ya mtu," alisema.

"Ni mimi niliyepita."

"Wewe umetoa wapi chavua ya njano?"

Chiriku alikaza meno. Asingemtaja. Amwokoe kaka yake, sawa, lakini kumtaja mtu aliyesimama pale na ulimi wake mzima hakutaka. Kama hakuwa tayari kujitaja, basi hata akitajwa ingekuwa haina maana.

"Nakuuliza, Chiriku. Ulipita na nani?"

"Na mimi, Mama."

Bwana Mifuko alikuwa amesogea mbele. "Nilitoka shamba la majaribio bila kuvua koti na bila kuoga. Nilikuwa na haraka ya kumwona binti yako. Chavua ilikuwa kwenye nguo zangu, na ndevu za mahindi yako zilikuwa wazi. Mwanao hajagusa kitu. Dakika chache zilizopita nilikuwa tayari kukudanganya ni upepo, naye akanikatalia. Hilo nalo ulijue."

Kuku mmoja alijaribu kurudi bandani, akamwona Mama alivyosimama, akaghairi.

"Kwenye tangi," Mama alisema taratibu, akiyatazama yale mahindi yaliyojaa njano. "Hapa mlisimama sana."

Chiriku alihisi masikio yanaungua.

"Nini kinafuata?" Mama alimuuliza Bwana Mifuko.

"Nitakwenda sasa hivi kumwambia mkuu wa kituo. Watakuja kuyachukua mahindi yateketezwe."

"Haya yenye madoa?"

"Yote, Mama. Hata yanayoonekana meupe. Hatuwezi kuwa na uhakika."

"Yote," Mama alirudia. Alishika waya kama mtu anayeshika ukuta asianguke. "Mnatuletea wema, nasikia. Labda ni kweli. Nilimwona mwanangu ameanguka mistarini, usidhani mimi nina moyo wa jiwe. Lakini wema gani unaingia kwa mtu bila hodi?"

"Hukuombwa, na ulipaswa kuombwa," alisema Bwana Mifuko. "Sina jibu jingine."

Kaka mtu alikohoa. "Mama, mimi bado nayataka. Ila nayataka yapite mlangoni, tukae, tuulize, wewe useme ndiyo au hapana. Si yaje mgongoni mwa mtu anayefuata mwanamke."

Mama alimgeukia mwanawe. Alimtazama kwa muda, uso ukimcheza. Neno la kuomba radhi lilikuwa zito kwake kuliko gunia, kila mtu pale alilijua hilo. Akamvua begi begani, akalikumbatia kifuani mwake mwenyewe.

"Nenda kale," alisema. "Tangu asubuhi hujala. Na hizi nguo zimekunjwa vibaya, nitazikunja upya."

Kaka mtu aliinamisha kichwa, mabega yakashuka. Alitoka akielekea jikoni.

Ndipo Mama akamrudia yule mwingine. "Na wewe ulikuwa umekuja kusema nini leo?"

"Nilikuja kumwomba Chiriku. Sina uso wa kuomba tena."

"Huna, kweli. Toka kwangu. Nenda kaseme huko kituoni ulivyosema hapa, bila kupunguza neno. Mahindi yangu yakija kuchukuliwa bila wao kujua sababu, nitajua hukusema, na usiukanyage mlango huu maisha." Akalinyooshea debe kidole. "Ukisema, nitapanda tena kutoka kwenye debe hili. Yakishavunwa, yakiwa meupe, hapo mtu anaweza kupiga hodi. Sitasema nitamwitikia. Ila aje ameoga."

Bwana Mifuko alimtazama Chiriku. Alikuwa na mengi machoni, na yote Chiriku aliyasoma, na hakumsaidia hata kwa tabasamu. Akainama kidogo kwa Mama, akatoka.

"Unampenda?" Mama aliuliza, bado amekumbatia begi.

"Ndiyo."

"Hata sasa?"

"Sasa nataka kumchapa."

"Haya. Vyote viwili vinawezekana, mimi niliishi na baba yako." Mama aliokota lile hindi la kwenye tangi, lenye njano kuliko yote, akamwekea binti yake mkononi. "Hili usiwaachie wao. Lichome mwenyewe."

Chiriku alitoka nalo hadi mlangoni mwa banda. Mbele yake shamba lilikuwa limeshavunwa, mabua makavu, mengine yameanguka, hakuna ndevu, hakuna kilichobaki cha kuharibika. Tundu la uzio lilikuwa wazi palepale, na nyuma yake barabara, na ng'ambo yake kituo. Ilikuwa njia fupi, ambayo Bwana Mifuko aliipita mara nyingi akikimbia kuja.

Bwana Mifuko alifika penye njia panda ya uani akasimama. Alilitazama lile tundu. Halafu akaliacha, akashika njia ndefu ya kuzunguka shamba lote, jua la alasiri limemkazia, shati jeupe limeanza kumgandama mgongoni. Chiriku alisimama akimtazama anazunguka, pembe ya kwanza, pembe ya pili, na machozi aliyoyakataa tangu mchana yakamtoka.